Mstari Mwekundu na Njia ya Maji: Utawala na Diplomasia katika Mpaka wa Kenya na Ethiopia

Wazee wangu, walimu, akina mama mliosafiri kutoka mbali, na ninyi vijana mnaojiandaa kwenda kufanya kazi ya utawala katika kaunti za kaskazini, asalaam aleikum na hamjambo nyote.

Mkataba uliotiwa saini Addis Ababa tarehe 6 Desemba 1907, baina ya serikali ya Uingereza na Mfalme Menelik wa Pili, una maneno machache ambayo ningependa kila afisa anayepelekwa Moyale, Marsabit, Wajir au Mandera ayajue kabla hajapanda gari. Unasema kwamba makabila yanayokaa upande wowote wa mstari yatakuwa na haki ya kutumia malisho ya upande wa pili kama ilivyokuwa tangu zamani, na kwamba wanapohama watakuwa chini ya mamlaka ya serikali ya eneo walilomo. Halafu unaongeza kwamba kufika visimani ni ruhusa kwa makabila ya pande zote mbili.

Basi. Hayo tu. Ukurasa uliobaki ni majina ya vilima, mito na mabonde, yameandikwa kwa tahajia inayomtaabisha hata mwenyeji kuyatambua. Lakini maneno hayo machache ndiyo yaliyogusa maisha ya mtu mwenye ngamia. Nimekuja kuwaambia kwamba mambo mengi yaliyotusibu kaskazini kwa zaidi ya miaka 100 yametokana na kuvunjwa kwa ahadi hiyo: kuvunjwa polepole, kisheria, kwa mihuri na vibali, na watu ambao wengi wao walijiona wanatenda haki.

Tuanze na jinsi mstari ulivyofika.

Machi 1891 Uingereza na Italia ziligawana Pembe ya Afrika kwenye karatasi, mto Juba ukiwa mpaka kati yao. Katika hesabu hiyo Ethiopia yote ilihesabiwa upande wa Waitaliano. Menelik hakuulizwa. Mwezi uliofuata akawaandikia wafalme na wakuu wa Ulaya waraka akitaja mipaka ya nchi yake kama alivyoiona yeye, na mipaka hiyo ilishuka kusini mbali kuliko mahali askari wake walikokuwa wamefika wakati ule. Miaka mitano baadaye, tarehe 1 Machi 1896, jeshi la Italia likavunjwa Adwa. Kuanzia siku hiyo waraka wa Menelik ukawa si wa kuchekwa tena. Waingereza waliokuwa wamezoea kuzungumza na Roma juu ya nchi hizi ikawabidi wapande mlima kwenda Addis Ababa.

Wakati huohuo askari wa Menelik, chini ya kamanda wao, Fitawrari Habte Giyorgis, walikuwa wameshateremka hadi nchi ya Waborana. Walikuja na bunduki, na nyuma ya bunduki wakaja na utaratibu wa gabbar. Askari aliyewekwa huko alipewa kaya za wenyeji zimlishe, zimjengee, zimchotee maji na kumkatia kuni. Familia ya mfugaji iliyokuwa ikijitegemea ikajikuta inamtumikia mtu wa bunduki na jamaa zake wote. Wengi wakakunja maboma yao wakahamia nchi tambarare ya kusini, ambako mkono wa askari hao ulifika kwa shida. Nawaomba mlikumbuke hilo, maana baadaye Waingereza watawakuta watu hao huko kusini na kubishana na Addis Ababa kama ni wakimbizi, ni raia wao, au ni mali ya mtu mwingine.

Mnamo 1902 na 1903 Mwingereza aliyeitwa Archibald Butter aliongoza msafara wa kupima nchi hiyo. Mpimaji mwenyewe alikuwa Kapteni Philip Maud, mhandisi wa jeshi. Walipita kutoka mashariki kwenda magharibi wakichora vilima na kuandika majina. Maud alitaka mpaka unaoonekana kwa macho, hivyo akapendekeza ufuate chini ya miinuko ya Ethiopia, pale nyanda za juu zinapokatika na kuanza tambarare. Kwa mpimaji wa jeshi hilo ni jambo la maana: juu ni wao, chini ni sisi, na ngazi iko wazi kati yetu. Mstari huo ukatiwa wino mwekundu kwenye ramani, na mwaka 1907 ukawa ndio wa mkataba: kutoka Dolo, pale mto Dawa unapokutana na Ganale, ukaelekea magharibi hadi ziwa tunaloliita leo Turkana, na kuendelea mbele yake.

Sasa mtazameni mstari huo kwa jicho la Mborana. Juu, upande wa Ethiopia, ndiko viliko visima vya tula, vile tisa vya kale vinavyochimbwa chini sana, ambavyo havikauki hata katika ukame mkali. Chini, upande wa Mwingereza, ndiko kuna nyasi tamu baada ya mvua. Mtu anashuka na ng'ombe mvua zinaponyesha, anapanda nao jua linapowaka. Mstari wa Maud ulipita katikati ya mwaka wa mfugaji: miezi yake ya mvua ikaangukia nchi moja, miezi yake ya kiangazi ikaangukia nchi nyingine.

Hapa naomba nikae kidogo, maana bila kukijua kisima huwezi kuijua diplomasia ya mpaka huu.

Kisima cha tula si shimo la ndoo na kamba. Ng'ombe wanateremka kwenye njia pana iliyochongwa ardhini, wanazama chini ya usawa wa nchi, hadi wanafika kwenye hori la udongo lililokandikwa vizuri. Kutoka horini kwenda chini ndipo penye kisima chenyewe, na humo vijana wanapangana, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja akikanyaga gogo au kijukwaa cha mwamba. Ndoo ya ngozi inajazwa chini, inarushwa, inadakwa, inarushwa tena, na ile tupu inashuka huku ile iliyojaa inapanda. Wanaimba ili mikono iende pamoja. Akikosea mmoja, maji yanamwagika kichwani mwa walio chini na ng'ombe waliosubiri tangu alfajiri wanaanza kusukumana.

Kazi hiyo haiwezekani bila sheria. Kisima kina mwenyewe, yaani ukoo uliokichimba au kukifufua, lakini mwenyewe hawezi kumnyima maji mtu anayekuja kwa adabu. Kuna abba herega, msimamizi wa zamu, anayepanga nani anyweshe leo na nani kesho, ng'ombe wa nani watangulie, mgeni awekwe wapi. Mgeni huyo hatoi pesa. Anatoa mikono: analeta vijana wake waingie kwenye mnyororo wa kuchota. Anayevunja zamu anahukumiwa palepale na wazee. Na sheria kubwa zaidi za Waborana wote hutangazwa kila baada ya miaka minane katika mkutano wa Gumi Gayo, ambao jina lake limetokana na kisima cha Gayo, huko Ethiopia. Waborana wa Kenya huvuka kwenda kuusikiliza.

Kwa hiyo kabla ya Maud kufika na vyombo vyake, nchi hii ilikuwa na mabalozi, mikataba, mahakama na faini. Gabra walijua wakaribie kisima kipi na kwa maneno gani. Wasakuye, Wagare na Waajuran walikuwa na mapatano yao, mengine ya kirafiki, mengine yaliyopatikana baada ya damu nyingi. Sisemi palikuwa pepo. Watu waliuana, mifugo iliporwa, na mwenye nguvu alimsukuma mnyonge. Nasema palikuwa na njia ya kurudi mezani, na kila mtu aliijua.

Ndiyo maana nayaheshimu yale maneno ya 1907. Aliyeyaandika, awe Mwingereza au Mhabeshi, alikuwa amesikia kitu kutoka kwa watu wa nchi. Kama si hivyo, mkataba wa wafalme ungetajaje visima?

Shida ilianza mara moja. Mwaka 1908 na 1909 Meja Charles Gwynn alitumwa kuuweka mstari ardhini. Alipofika aliona mahali pengi ramani haikulingana na nchi, akausogeza mstari alipoona inafaa. Ethiopia haikukubali mabadiliko yake. Menelik alikuwa mgonjwa tayari, wakuu wake wakigombea madaraka, na hapakuwa na mtu Addis Ababa wa kusema ndiyo ikawa ndiyo. Tukabaki na mstari mmoja wa mkataba na mstari mwingine wa Gwynn, na kati yake visima. Visima vya Gadaduma vilizozaniwa kwa miongo kadhaa, barua zikienda na kurudi, hadi serikali ya Kenya huru na ya Mfalme Haile Selassie zilipomaliza suala la mpaka mzima kwa mkataba wa 1970, Gadaduma ikabaki Ethiopia.

Mtu ninayependa kumzungumzia katika kipindi hicho cha mwanzo ni Philip Zaphiro. Alikuwa mtu wa asili ya Kigiriki, aliyekuja Ethiopia na msafara wa wawindaji akiwa fundi wa kukausha ngozi za wanyama. Mwaka 1905 Waingereza wakamfanya mkaguzi wa mpaka, akiwa na kikosi kidogo cha askari. Akajenga kituo Moyale na kukiita Fort Harrington, kwa jina la mwakilishi wa Uingereza aliyekuwa Addis Ababa. Hakuripoti Nairobi. Alikuwa chini ya ubalozi wa Addis Ababa, na kazi yake kubwa ilikuwa kusikiliza mashtaka ya wafugaji dhidi ya askari wa Kihabeshi, kuzungumza na wakuu wao waliokaa jirani, na kuandika barua. Baadaye aliishia kuwa afisa wa ubalozi huohuo.

Tunaweza kumlaumu Zaphiro kwa mengi, kwani alikuwa mtumishi wa himaya na himaya haikumweka pale kwa sababu ya huruma. Lakini muundo wa kazi yake ulikuwa na akili. Alikaa mpakani, alizijua lugha, na hakuwa na nguvu ya kutosha kumlazimisha mtu yeyote, kwa hiyo ilimbidi azungumze. Nairobi ilipochukua hatamu mambo yalibadilika, maana Nairobi iliitazama kaskazini kwa swali moja: kuna hatari gani huko kwa reli na kwa mashamba ya walowezi?

Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilianza kuundwa 1909, Geoffrey Archer alipofungua kituo Marsabit. Jina lake bado lipo barabarani, pale Archer's Post. Eneo hilo lilikuja kuwa karibu nusu ya ardhi ya Kenya, nalo likaendeshwa na maafisa wachache, karibu wote wanajeshi au wenye hulka za kijeshi. Adui yao wa kwanza walikuwa watu waliowaita Tigre: magenge ya wawindaji wenye silaha waliovuka kutoka Ethiopia kutafuta pembe za ndovu, mifugo na watumwa. Hawakuwa hadithi ya kutunga. Mwaka 1913 Kapteni Aylmer aliuawa akipigana nao. Kila tukio kama hilo lilizaa malalamiko kwa Addis Ababa, na Addis Ababa ilijibu kwamba watu hao hawatambui, au kwamba amri imetolewa. Uingereza ikafungua ofisi ya konseli Mega, upande wa Ethiopia, ili pawe na mtu wa kuzungumza na magavana wa huko ana kwa ana bila kusubiri mji mkuu.

Upande wa mashariki, Jubaland, hali ilikuwa kali zaidi. Novemba 1900 Wasomali wa Ogaden walimuua Arthur Jenner, naibu kamishna, na kikosi cha adhabu kikatumwa mwaka uliofuata. Februari 1916, Waingereza wakiwa wameelemewa na vita vya Wajerumani, watu wa Aulihan, ukoo wa Kisomali, chini ya Abdurrahman Mursal walivamia kituo cha Serenli wakamuua Luteni Elliott na askari wake wengi. Chanzo chake kilikuwa ugomvi wa mifugo kati ya Aulihan na Marehan, ambao afisa alijaribu kuutatua kwa kudai ngamia. Serenli haikurudi mikononi mwa serikali hadi 1917. Kisha, baada ya damu yote hiyo, mwaka 1925 London ikaikabidhi Jubaland kwa Italia, kama malipo ya ahadi iliyotolewa mwaka 1915 ili Italia iingie vitani upande wa Washirika. Koo zilizokuwa zimeambiwa miaka 30 kwamba Mfalme wa Uingereza ndiye mlinzi wao zikaamka zikiwa chini ya Roma, na ndugu zao upande wa pili wa mstari mpya wakabaki Kenya. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwapo mezani.

Ninalilaani jambo hilo waziwazi. Afisa aliyekuja baadaye Mandera au Wajir akalalamika kwamba Msomali haamini neno la serikali alipaswa kwanza asome habari za 1925.

Sasa tuje ndani, maana mpaka mkubwa ulizaa mipaka midogo, na hiyo midogo ndiyo iliyoumiza kwa muda mrefu.

Tangu 1902 palikuwa na sheria ya wilaya za pembezoni iliyomruhusu mtawala kulifunga eneo, mtu asiingie wala kutoka bila kibali. Mwaka 1926 Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ikatangazwa imefungwa. Mwaka 1934 ikaja sheria ya wilaya maalumu, iliyowapa maafisa uwezo wa kuzigawia jamii maeneo ya malisho, kukamata watu na kuadhibu kundi zima kwa kosa la mtu mmoja. Mstari uliowatenga Wasomali wa mashariki na Waborana na jamaa zao wa magharibi, ambao maafisa walikuwa wameufikiria tangu mwanzo, sasa ukawa na nguvu ya sheria. Ng'ombe aliyevuka alichukuliwa faini. Polisi wa kikabila, Dubas, wakiwa na mavazi meupe na vilemba vyekundu, walipelekwa kuyarudisha makundi kwa nguvu.

Chukueni mfano wa Wajir. Visima vya Wajir ni vingi na haviko mbali chini ya ardhi, tofauti na tula. Waborana, Waajuran na wengine walivitumia, na koo za Kisomali zikawa zinasogea kutoka mashariki mwaka hadi mwaka. Waingereza walipoweka kituo pale, mzani ukaelemea upande mmoja, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 Waborana wa Wajir wakahamishiwa kusini magharibi, kuelekea Uaso Nyiro na Garba Tula, eneo la Isiolo ya leo. Afisa aliona amewatenganisha wagomvi. Ndivyo faili zinavyosema. Lakini akiisha kusema kwamba kisima hiki ni cha kabila fulani peke yake, amemaliza kazi ya abba herega. Mgeni hawezi tena kuleta vijana wake wachote, akapata zamu, akaoa, akawa jirani. Amekuwa mvamizi kwa amri ya serikali, na mtoto wake atakuwa mvamizi vilevile.

Kabila lenyewe likageuka kuwa kitu cha kuandikwa kwenye kibali. Waajuran walikuwa watu wa pande zote mbili, wenye Kiborana vinywani na nasaba ya Kisomali. Wagare vilevile. Waliulizwa: ninyi ni upande gani wa mstari? Kuna koo zilizobadilisha jibu kulingana na mahali palipokuwa na majani, na mimi siwalaumu hata kidogo.

Na nchi iliyofungwa ikawa pia ghala la kufungia watu. Harry Thuku alipokamatwa Nairobi mwaka 1922 alipelekwa Kismayu, na uhamisho wake baadaye ukamfikisha Marsabit. Jomo Kenyatta na wenzake walifungwa Lokitaung, kaskazini mwa Turkana. Mkenya wa kusini akalijua eneo hili kama mahali pa adhabu. Wenyeji wakamjua mtu wa kusini kama askari au mfungwa. Mtu mwingine alihitaji kibali, na vibali havikutolewa ovyo.

Kwa wale waliotoka Pwani na visiwani, mlango wa habari hii hauko mbali nanyi. Vincent Glenday, mmoja wa watawala wakuu wa wilaya hii katika miaka ya 1930, aliyeiamini sana mistari ya malisho, ndiye aliyekuja kuwa Mkazi wa Uingereza, yaani mwakilishi wake mkuu, Zanzibar kuanzia 1946 hadi 1951. Mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa 1948 ulimkuta hapo.

Mwaka 1962 yakatokea yale mnayoyajua, nami nitayapitia haraka. Tume ya watu wawili, mwanasheria wa Nigeria na jenerali wa Kanada, ilizunguka wilaya ikiuliza watu wanataka kwenda wapi. Ikakuta kwamba Wasomali, ambao ndio wengi, wanataka kujiunga na Somalia, na wengine, wakiwemo Waborana wengi, wanataka kubaki Kenya. Mstari wa malisho wa 1934 ulikuwa umeshakuwa mstari wa kura. Machi 1963 Uingereza ikatangaza kwamba eneo la Wasomali litabaki Kenya kama mkoa wa saba, na Somalia ikavunja uhusiano wake na London. Juni mwaka huohuo Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya wa kwanza Mwafrika wa Isiolo, na Chifu Haji Galma Dido wakauawa njiani, katika safari ya kwenda kuzungumza na wananchi. Barabara ya Wabera iko katikati ya Nairobi na maelfu hupita hapo kila siku. Vita vya shifta, yaani waasi waliotaka kujiunga na Somalia, vikaendelea hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967, Rais Kaunda wa Zambia akiwa mpatanishi. Watu wakakusanywa kambini, ngamia wakauawa kwa risasi, na sheria za hali ya hatari zikabaki hadi 1991. Serikali huru ilirithi sheria za kikoloni za wilaya hii ikazitumia kwa ukali uliopita wa waliozitunga. Hilo tuliseme sisi wenyewe, tusingoje mgeni aje kutuambia.

Lakini sikuja kumaliza hapo, maana wazee na akina mama wa kaskazini hawakumalizia hapo.

Mapema miaka ya 1990 koo za Wajir zilipigana vibaya, na soko likawa mahali pa hatari. Wanawake, akiwemo marehemu Dekha Ibrahim Abdi, walianza kwa kukubaliana kwamba mwanamke wa ukoo wowote ataweza kuuza na kununua sokoni bila kubughudhiwa, wakaweka watu wa kuangalia na kutoa taarifa. Kutoka sokoni wakawafuata wazee, kutoka kwa wazee wakaifuata serikali, na mwaka 1993 koo zikatia saini Azimio la Al-Fatah. Mwaka 2001 wazee wa wilaya kadhaa wakakutana Modogashi na kuandika kanuni zao: fidia ya mtu aliyeuawa iwe ngamia wangapi, mifugo iliyoibwa irudishwe vipi, anayetaka kulisha katika eneo la wengine aombe ruhusa kwa nani. Mwaka 2009 Gabra na Borana wakafanya vivyo hivyo katika mapatano yanayojulikana kwa jina la Maikona na Walda, na hayo yalivuka mpaka, kwani jamii hizo ziko Ethiopia pia.

Zisomeni hati hizo karibu na mkataba wa 1907. Mtaona mambo yaleyale: malisho kwa ruhusa, maji kwa wote wanaokuja kwa adabu, na aliyevuka aheshimu mamlaka ya mahali alipo. Wazee wa Modogashi hawakuwa na haja ya kusoma karatasi za Addis Ababa. Waliijua sheria yao kabla yake.

Tofauti iliyopo leo ni kwamba mahakama zetu hupata taabu kuzitambua hati hizo, kwa sababu ya tofauti baina ya fidia ya kimila na sheria ya jinai. Mnaokwenda huko mtakutana na swali hili wiki ya kwanza: mtu ameuawa, wazee wameshakubaliana ngamia, polisi wanamtaka mtuhumiwa. Mimi sioni haki ya kumwachia muuaji kwa sababu ukoo wake una ngamia wengi. Vilevile sioni busara ya afisa kuvunja mapatano yaliyotuliza tarafa nzima kwa kuwa hayamo kwenye kitabu chake. Kaeni na wazee, waulizeni fidia hiyo inaenda kwa nani, na mjane anapata nini mkononi. Hapo ndipo mtakapoona kama mapatano ni ya kweli.

Na mipaka ya kaunti? Isiolo na Garissa, Marsabit na Wajir, bado wanavutana juu ya mahali mstari unapopita. Mwanasiasa anapoleta ramani ya zamani mkutanoni kuonyesha kwamba kisima ni cha watu wake, mwulizeni ramani hiyo ilichorwa na nani, mwaka gani, na kwa faida ya nani. Mara nyingi mtakuta ni mstari wa malisho wa afisa wa kikoloni.

Nina ombi moja kwa walio na madaraka hapa. Ripoti za makabidhiano za wakuu wa wilaya ya Moyale, Wajir, Mandera na Marsabit zipo Nairobi, katika Nyaraka za Taifa. Ndani yake mna majina ya visima, ya machifu, ya koo, kesi za diya, yaani fidia ya damu, barua kwa konseli wa Mega. Kijana wa Sololo au Bute akitaka kuzisoma lazima asafiri mamia ya kilomita, alipe malazi, aombe kibali. Nakala zake zipelekwe makao makuu ya kila kaunti ya kaskazini, na kando yake ziwekwe sauti za wazee zilizorekodiwa, wakieleza kisima kilekile na mwaka uleule, kila mmoja kwa lugha yake. Wazee wanaokumbuka mistari ya Glenday na Dubas wake wamebaki wachache sana. Bajeti ya kazi hiyo haizidi ya warsha mbili za hoteli, na inaweza kuanza mwaka huu wa fedha.

Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa nawapa nafasi wazee watangulie kuuliza, kisha vijana.